Kura ya Naif

Naif, Dubai
12 Februari 2016

Kwa dada yangu Jokha,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na goti la Mama limepoa. Mimi sijambo. Kazi ya mizigo ni ile ile, tunafunga matairi na majokofu ya kwenda huko kwenu mpaka mgongo unasahau kunyooka. Chumba pia ni kile kile, tunalala wanne, wote tumesoma Chuo cha Ualimu Kichangani na hakuna hata mmoja anayefundisha. Ndiyo sababu nakuandikia kwa karatasi kama watu wa zamani. Humu ndani ukipiga simu ukisema "dada", watatu wanaitika. Ukiandika kwenye simu, kesho maneno yako yamepigwa picha na yamo kwenye kundi la mashabiki, na Wahid ameshayajibu. Hii anakuja nayo Amne, jirani yetu, ambaye yuko hapa ananunua mabuibui ya kuuza Tanga.

Sasa la maana. Timu yetu ya chuo, Chaki, haina kocha tangu yule mzee astaafu, nasi Tawi la Dubai hatuna raha. Kila Ijumaa tukitoka msikitini, na Protas akitoka kanisani, tunakutana kwenye mkahawa wa Malabari, tunaagiza chai ya karaki na ubishi unaanza. Wahid, mwenyekiti wetu, anamtaka Rogers, yule anayefundisha mazoezi kwenye hoteli moja ya Al Mankhool. Anasema Rogers ana cheti. Ni kweli anacho, cha kupunguza vitambi vya wageni. Ijumaa iliyopita alikuja na filimbi shingoni, akakaa nayo mpaka chai ikaisha, na hakuna aliyempa sababu ya kuipuliza. Wengine wanamtaka Hamuza wa mjini kwenu kwa kuwa aliwahi kuitwa majaribio Oman. Aliitwa, ndiyo, na akarudishwa kabla nguo zake hazijakauka kambani. Protas, anayelinda mlango wa ghorofa moja kule Jumeirah Lake Towers, yeye anakubaliana na kila anayesema. Kazi yake ni kuwafungulia watu wapite, na amehamia nayo mpaka kwenye mpira.

Mimi nimewaambia wote hawajui mpira, kocha tunaye tayari. Yule bwana mnene wa koti jekundu. Unakumbuka tulipotuma jezi tulitia na koti limeandikwa KOCHA mgongoni? Tumeona video za mechi tatu, na katika zote yumo, amesimama nyuma ya goli akirusha mikono, na kila akirusha mikono mabeki wanarudi. Nimewaeleza wenzangu kwamba pale anafunga njia za pembeni. Sasa hivi hata Wahid ameanza kulainika. Tuambie anaitwa nani.

Nawe nilikuona, usidhani sikukuona. Umekaa benchini na buibui lako, wachezaji wamekuinamia. Nimefurahi kuona unawapelekea vijana maji, hiyo ni thawabu.

Kama ujuavyo, Kichangani anayeivisha timu ndiye anayesikilizwa. Kamati ya michezo imetuandikia kwamba jina tutakalolitaja ndilo watakalolipitisha. Kwa hiyo uamuzi uko hapa Naif, na alhamdulillahi uko kwenye mikono inayojua.

Msalimie Mama, na majirani wanaoniulizia.

Mdogo wako,
Badawi


Tanga
9 Machi 2016

Mdogo wangu Badawi,

Waaleikum salaam. Barua yako ilifika inanukia udi, maana Amne aliilaza katikati ya mabuibui. Mama hajambo. Goti linamuuma akitumwa dukani, akialikwa harusini linapona. Paa la jikoni tumeliziba. Mtoto wa shangazi amechumbiwa na mtu wa Pangani, mtu mpole, hasemi, na shangazi anasema kwa wote wawili.

Nimesoma habari za mikono inayojua. Nimemsomea na Mama, tukacheka mpaka akashika ubavu. Sasa nisikilize.

Yule bwana wa koti jekundu anaitwa Khelef, ni dereva mpya wa basi la chuo. Koti mlilotuma lingemtosha ngamia. Mimi nilipolijaribu nilipotea ndani, na juu ya buibui ndiyo kabisa. Lakini desturi yetu unaijua, nguo ya zawadi lazima ikae mwilini aliyeituma aione, isije ikasemwa hatuna shukrani. Kamati ikaanza kutafuta mwili wa kujaza koti ili lionekane kwenye video zenu, na mwili uliopatikana ni wa Khelef. Tangu hapo husimama nyuma ya goli kwa sababu ndipo anapoegesha basi, na ile mikono unayowatafsiria wenzako anawafukuza watu wanaokalia boneti. Hizo njia za pembeni hazijui na hana haja nazo.

Mabeki wanarudi kwa sababu nimewaambia warudi. Kaimu kocha wa Chaki tangu Desemba ni mimi. Yule mzee alipoondoka, wenye majina makubwa walikuwa wanasubiri kubembelezwa, na mazoezi yalikuwa hayana mtu. Mimi ndiye mkufunzi wa michezo hapa chuoni tangu nyinyi muondoke, kozi ya ukocha niliifanya Dar es Salaam mwaka juzi, wewe mwenyewe ulinipongeza kisha ukaniuliza kama ni ya netiboli. Nikaingia uwanjani. Mechi tatu mlizoziona tumeshinda mbili na kutoka sare moja.

Utasema mbona sikukuambia. Hukuuliza. Uliuliza goti, uliuliza mvua, uliuliza kama nazi zimepanda. Nilidhani ukiiona video utamtambua dada yako na kazi yake. Ulinitambua mimi, kazi ukanipa nyingine. Maji siyapeleki mimi, Badawi. Kila mchezaji huja na chupa yake.

Sasa umejua, wajulishe na hao wenzako kabla hawajampigia kura dereva. Khelef mwenyewe anaona haya, anasema watu wanamsimamisha sokoni kumuuliza habari za kiungo.

Mama anakusalimia sana.

Dada yako,
Jokha


Naif
29 Aprili 2016

Dada Jokha,

Salaam nyingi. Samahani kwa kuchelewa. Amne aliahirisha safari, kisha arbab, bosi wetu, akatubana na kontena la Mombasa, kisha nikapata mafua ya hivi viyoyozi. Nimeshapona. Huku joto limeanza, ukitoka nje miwani inafunga ukungu. Nimemnunulia Mama mafuta ya goti ya Kihindi, yananuka lakini yanasaidia.

Habari ya Khelef nimeisoma, nikacheka peke yangu mpaka Protas akaniuliza nina nini. Nikamwambia ni mambo ya nyumbani.

Kuhusu lile la pili, nakupongeza. Lakini dada, mambo ya tawi si mepesi kama unavyoyaona huko. Wahid ameshalikubali koti jekundu, ameichapisha picha yake na kuibandika ukutani mkahawani, Malabari mwenyewe anamsalimia asubuhi. Na aliyewaleta wote kwenye koti lile ni mimi. Leo nikisema ni dereva, wataniuliza nilikuwa naangalia nini. Nikiongeza kwamba kocha ni dada yangu, watasema nalipigania tumbo la kwetu. Watu wa hapa hawapendi undugu kwenye mpira. Acha kwanza mambo yapoe. Kila kitu kina wakati wake, inshallah.

Mechi ya juzi tumeiona. Mmecheza vizuri. Khelef alikuwa amevaa kofia.

Badawi


Tanga
20 Mei 2016

Badawi,

Salaam. Mafuta yamefika, Mama anayapaka na majirani wamehama baraza. Mchumba wa binti wa shangazi amesema neno lake la kwanza, ametaka mahari yapunguzwe.

Tangu lini watu wa Naif hawapendi undugu kwenye mpira? Huyo Rogers si shemeji yake Wahid? Amne ameniambia, na Amne hana sababu ya kudanganya. Undugu wa shemeji unaitwa cheti, wa dada unaitwa tumbo. Mnakunywa karaki, mnawaangalia watu kwenye kioo kisichozidi kiganja, mnapanga mabeki wa Tanga. Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Yenu haimuoni hata huyo nyoka, inampiga mwenye nyumba.

Sasa niseme wazi, maana naona mzaha unakusaidia kukwepa. Naitaka kazi hii. Naitaka kuliko nilivyoitaka ile ya kufundisha. Vijana hawa niliwapokea wakiwa hawajui kupokeana pasi wala kusalimiana, na sasa wakishinda wananitafuta kwanza mimi ndipo waende kwa wenzao. Nikiwa uwanjani sikumbuki kwamba nimeachwa, sikumbuki umri, sikumbuki maneno ya watu. Nikiambiwa nishuke nimpishe dereva, nitaumia, na sitajificha kwamba nimeumia.

Kura yako sikuombi. Nakuomba siku ya mkutano ulitaje jina langu tu, mbele yao. Wakilikataa, watakuwa wamelikataa wao.

Ramadhani njema ikifika kabla ya jibu lako.

Jokha


Naif
22 Julai 2016

Dada yangu,

Idd Mubarak kwako na kwa Mama, ingawa imeshapita. Tulisali Idd jua likiwa kali mpaka mkeka unaunguza paji la uso. Nimetuma kitenge cha Mama na viatu vyako, vimo kwenye furushi la Amne, vijaribu. Wahid amepandishwa kazini, sasa ni msimamizi, na sauti imepanda naye.

Mkutano ulifanyika Ijumaa iliyopita. Ulikuwa mfupi, watu walikuwa wanawahi kazini. Khelef amepita bila kupingwa. Jina lako halikupata nafasi ya kutajwa, lakini tumependekeza uwe msaidizi wake, na Wahid amesema timu inahitaji mkono wa mama. Naona ni mwanzo mzuri. Viatu vya mpira vya timu nzima vinakuja mwezi ujao.

Usikasirike. Mwakani tutaona.

Badawi


Tanga
14 Agosti 2016

Badawi,

Kitenge kimempendeza Mama. Viatu nimempa mtoto wa shangazi, vimemtosha.

Mkutano haukuwa mfupi. Siku ile Amne alikuwa mkahawani, meza ya nyuma yenu, akisubiri mzigo wake, na anasema mliagiza karaki mara tatu. Anasema Protas, ambaye wewe uliniambia hukubaliana na kila mtu, ndiye aliyeinua simu na kuuliza, "Huyu mama wa benchini ni nani? Mbona wachezaji wakibadilishwa wanaenda kwake, hawaendi kwa huyu wa koti?" Na anasema ni wewe uliyejibu, "Huyo ni mtu wa maji tu. Yalla, tuendelee."

Amne hakuwa na nia ya kunichongea. Alinihadithia akicheka, akidhani ulikuwa unatania.

Barua ya tawi lenu kwa kamati imesomwa mbele ya wachezaji. Khelef alikwenda kwa kamati siku hiyo hiyo, akawaambia yeye mpira anaujua wa kuangalia tu, wamwachie basi lake. Wakamwambia akae kimya mpaka viatu vya Dubai vifike. Kwa wiki mbili amekuwa akinipitia nyumbani kuniuliza nani aanze. Nimemwambia Khelef, ndugu yangu, sina ugomvi nawe, lakini usaidizi wa kumficha mtu siufanyi.

Ng'ambo ya barabara, kama umesahau ramani ya kwenu, kuna Chuo cha Uuguzi, na timu yao ya Sindano mlikuwa mnaicheka tangu mkiwa wanafunzi, wanaume wa kuhesabu, golikipa anavaa miwani. Wameniita. Hawakuuliza nimevishwa na nani. Asubuhi nafundisha Kichangani, alasiri navuka barabara. Mkuu wa chuo amenuna, lakini hakuna sheria inayokataza mtu kuvuka barabara.

Mama hajui uliyoyasema mkahawani. Aliniuliza umeandika nini, nikamwambia unamsalimia.

Jokha


Naif
21 Oktoba 2016

Kwa dada yangu mpendwa Jokha,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Ni matumaini yangu u buheri wa afya, wewe na Mama na shangazi na wote wa nyumbani. Huku hali ya hewa imeanza kuwa ya kiungwana. Arbab ameniongezea siku mbili za likizo. Nafikiria kuja mwakani, inshallah, tukae tuzungumze kama zamani. Mama anapenda rangi gani siku hizi? Nimeona shuka nzuri.

Video ya mechi ya Chaki na Sindano tumeiona. Nne kwa bila. Mkahawani kulikuwa kama matanga. Wahid aliibandua picha ya ukutani kwa mikono yake, na sasa anasema yeye tangu mwanzo alilitilia shaka lile koti. Khelef anatukanwa kwenye kundi asubuhi na jioni, wanasema amelewa sifa. Khalas, hatakiwi tena. Ubishi wa kocha umeanza upya, Rogers amerudi na filimbi yake, Hamuza ameandika ujumbe mrefu kuhusu Oman.

Lakini safari hii tawi zima lina neno moja. Wanamtaka yule mwanamke wa Sindano. Wanamwita Madam. Wameirudia video ile mara nyingi, jinsi alivyomtoa winga wakati wanaongoza, jinsi alivyosimama bila kupiga kelele. Wahid anasema hajawahi kuona kocha anayeuona mchezo kabla haujafika. Protas alisema anafanana na yule wa maji, nikamwambia mabuibui yote yanafanana.

Hawajui ni nani wala anapatikana vipi. Nimewaambia ninaye mtu huko Tanga anayeweza kumfikia. Wamenipa jukumu hilo, na kusema kweli wameniheshimu kwa ajili yake, Wahid amenipisha kiti. Kwa hiyo nakuandikia, dada, kuuliza kama Madam atakubali kurudi Chaki. Hapana koti safari hii. Atasema mwenyewe anataka kuvaa nini. Ukikubali, mimi nitatafuta namna nzuri ya kuwaambia, taratibu, labda baada ya mechi mbili tatu ukishashinda.

Nijibu upesi. Wananiuliza kila Ijumaa.

Mdogo wako akupendaye,
Badawi


Tanga
13 Novemba 2016

Badawi,

Waaleikum salaam. Mama anapenda kijani. Goti limekaza, anatembea na mkongojo na anakataa kuuita mkongojo. Binti wa shangazi ameolewa, bwana harusi alizungumza karibu dakika nzima na watu wakapiga makofi. Golikipa wetu wa miwani ameposa pia, mambo ni mengi.

Barua yako nimeisoma mara moja, haikuhitaji ya pili.

Kwanza Khelef. Muacheni. Aliwaambia watu ukweli wakamziba mdomo kwa viatu, nanyi mnamtukana kwa ulevi wa sifa mlizompa nyinyi. Amerudi kwenye basi lake. Mechi yetu ilipokwisha alivuka uwanja mbele ya watu wote, akanipa mkono, akasema, "Hongera, kocha." Ni wa kwanza kutoka Kichangani kuniita hivyo kwa sauti. Sikuona haya kulia, nililia pale pale na wauguzi wangu wakaja kunipima presha.

Pili, huyo Wahid aliyekupisha kiti. Umempa mtu dada yako kama bidhaa ya Naif, hujui bei yake lakini unamjua mwenye duka. Na umekalia kiti hicho. Ulistarehe?

Sasa jibu la tawi. Waambie mtu wako wa Tanga amemfikia Madam, na Madam amekataa. Hana kinyongo nao. Mtu aliye mbali, anayeangalia kioo cha kiganja, akikosea namsamehe. Wahid hajawahi kula nyumbani kwetu, Protas hajui sauti yangu, na bado Protas aliniona. Wote hao walinikataa kwa kutonijua.

Wewe ulinijua. Nimekubeba mgongoni mpaka darasa la kwanza. Ulinijua, ukainua mkono pamoja nao.

Ukija mwakani nyumba ni yako, Mama atakupikia, nami nitakutandikia kitanda. Jumamosi usinitafute nyumbani, nitakuwa uwanjani na timu yangu. Ukitaka kuja kutazama, njoo, wanaume wa Tanga huja wengi. Utakaa upande wa wageni.

Jokha binti Awadh,
Kocha, Sindano